Safu ya Mbele Haikaliwi

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua. Bandari yetu ya Keelung haijui kitu kingine, nami nilikwisha acha kuilalamikia. Mtu halalamikii ukuta wa nyumba yake. Lakini ya leo ilinyesha kana kwamba imetumwa.

Habari nimezipata kwa Mama, aliyezipata kwa mteja wake, akanipa huku akimimina mchuzi kwenye bakuli la tambi bila hata kuinua macho. Yu-ching anahamia Japani. Kampuni ya mumewe inampeleka Kumamoto, kwenye kiwanda kipya, na wataondoka mwezi wa saba wa kalenda yetu ya jadi ukishakwisha. Hilo la mwezi halikuhitaji maelezo. Lango la Ndugu Wema lilifunguliwa juzi, wafu wasio na wa kuwatunza wamo mitaani, na mpaka lifungwe watu wa hapa Taiwan hawaoi, hawahami, wala hawaanzi jambo lolote wanalotaka lidumu. Nilisomea falsafa chuo kikuu na hadi leo sina msimamo kamili juu ya Ndugu Wema. Siwaamini. Siwakatizi njia pia.

Yu-ching! Tulikuwa kundi la watu wawili, Gati la Magharibi: gitaa langu, kinanda chake cha kupuliza, sauti mbili. Tuliimba mikahawani, kwenye uzinduzi wa duka la viatu, na mara moja mnadani kwa wauza samaki, ambako mtu alitununua kwa makosa. Baba yake, Mzee Tseng, mwendesha winchi bandarini, hakukosa onyesho hata moja. Mashine zilikuwa zimemharibu masikio, hakusikia hata nusu ya tulichoimba, lakini aliketi mbele kabisa akitikisa kichwa nje ya mapigo. Zaidi ya mara moja tulipotea katikati ya wimbo kwa ajili yake. Alipofariki, Yu-ching alisema anapumzika kidogo. Akapumzika, akaolewa, akahamia Hsinchu. Mimi bado nasubiri atosheke na mapumziko.

Tangu hapo naimba peke yangu nyimbo zilizotungwa kwa sauti mbili. Pale sauti ya pili inapopaswa kuingia, naacha nafasi. Wasikilizaji hudhani nimesahau maneno.

Azimio: kabla lango halijafungwa, Yu-ching ataimba nami "Winchi ya Njano", wimbo tulioutunga mwaka ule wa msiba na ambao haujasikiwa na mtu. Akishauimba, hataondoka. Hoja hii ina pengo mahali fulani. Nitalitafuta kesho.

Jumatano, 27 Agosti

Sikulitafuta. Badala yake nilimpigia simu.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli: kwamba namkumbuka, kwamba naomba wimbo mmoja tu. Kweli ilifika kooni ikageuka. Nikasikia mdomo wangu ukimweleza kuwa mtayarishaji wa tamasha kubwa la Taipei amesikia kanda zetu za zamani na anataka kutuona jukwaani, sote wawili. Akauliza anaitwa nani. Nikasema Bwana Fang. Sijui Fang alitoka wapi. Alikuja na jina lake kamili kama mgeni aliyealikwa. Akauliza yukoje. Nikasema kijana, nywele kafunga nyuma, hereni moja. Nilistaajabu jinsi nilivyomwona vizuri. Kwa dakika moja nilianza hata kumtegemea.

Yu-ching aliendelea kufunga mizigo. Nilisikia sauti ya utepe wa gundi ukivutwa juu ya maboksi kwake. Kisha akasema angeweza kuja alasiri moja, ila iwe kwenye onyesho la kweli na jukwaa la kweli, si pale mbele ya sufuria za Mama. Je, nina onyesho?

Nikamwambia ninayo mengi, nitamchagulia.

Sina hata moja. Riziki yangu ni harusi, na mwezi huu hakuna anayeoa. Mkahawa wa karibu na mfereji haunipokei tena tangu niliposimamisha wimbo na kuiomba mashine ya kusaga kahawa iniheshimu. Msanii pekee mwenye kazi katika mwezi wa saba ni yule ambaye sipendi kuandika jina lake humu.

Shangazi Kim-lian. Naam. Gauni la vimetameta, umri wa Mama, na lori ambalo ubavu wake hufunguka ukawa jukwaa lenye taa. Mwezi mzima huenda kichochoro kwa kichochoro akiwaimbia Ndugu Wema nyimbo za mapenzi za Kitaiwani. Mwaka jana alinisikiliza mara moja, kwa adabu, halafu akamwambia Mama kwamba sauti ninayo, ila naimba kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa kwa huzuni. Mama alinifikishia neno kwa neno.

Ijumaa, 29 Agosti

Leo nimechekwa na wafu. Naandika kwa utulivu kadiri ninavyoweza.

Nilikwenda kwa Mjomba Tiok, mwenyekiti wa hekalu dogo la kichochoro chetu, kuomba nafasi siku ya kumi na tano ya mwezi huu wa wafu, yaani Jumamosi ya wiki ijayo, wakati kila nyumba inapotoa meza ya chakula nje. Nilimwandalia hoja tatu juu ya sanaa na jamii. Alizisikiliza zote huku akipanga makopo ya soda, halafu akasema yeye hana ubishi, onyesho si lake, ni la Ndugu Wema, basi niwaulize wenyewe. Akanipa vile vibao viwili vya kuulizia, vya mbao, vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mbinuko upande mwingine.

Nilipiga magoti, nikauliza kama wanakubali tuwaimbie, nikavirusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ni ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyangu vyote vililala chali, vikibembea tumbo juu. Maana yake wanacheka.

Nikarudia. Wakacheka. Nikatafakari swali, nikalijenga upya kwa lugha bora zaidi, nikarusha. Wakacheka.

Shangazi Kim-lian alikuwepo, akifunga riboni kwenye nguzo. Naye akacheka. "Mwanangu," akasema, "wewe wameshakuelewa. Usiwachoshe."

Nikamweleza Mjomba Tiok kwamba kicheko si katazo. Kimantiki, anayecheka hajasema hapana. Akajikuna kisogo. Akasema tangu apewe funguo za hekalu hajapata kuona vicheko vitatu mfululizo, na hajui kitabu cha hekalu kinasemaje. Kisha, mtu mwema, akavichukua yeye mwenyewe na kuwauliza kama labda wanapenda kucheka zaidi.

Ndiyo. Mara moja tu, wazi kabisa, bila kubembea.

Kwa hiyo nimo kwenye ratiba. Sikuuliza nimeingizwa kama nini.

Masharti ni mawili. Kwanza, safu ya mbele ya viti haikaliwi. Hiyo ni ya Ndugu Wema. Najua, nimezaliwa hapa. Pili, hakuna kupiga mluzi, kwa kuwa mluzi katika mwezi huu ni wito, na huwezi kujua nani ataitika. Katikati ya "Winchi ya Njano" kuna mluzi, wa Yu-ching, uliotungwa kwa mfano wa ule ambao baba yake alikuwa akiupiga kutoka juu kwenye winchi kumjulisha kwamba amemwona amepita chini na mkoba wa shule. Nikamwahidi Mjomba Tiok kwamba tutaweka kinanda badala yake.

Jumapili, 31 Agosti

Jukwaa ni lori, na lori ni la Shangazi Kim-lian. Nimekwenda kuomba.

Nilimkuta kwenye kibaraza chake akishonea vimetameta vilivyodondoka. Nilitarajia kunyenyekeshwa na nilikuwa nimejizoeza namna ya kulipokea hilo kwa hadhi. Hakuninyenyekesha. Alisema tupande alasiri, kabla yake, wakati watu bado wanapanga meza, na kwamba maikrofoni ya kushoto ina maudhi, niishike chini. Akataka kwanza ausikie wimbo.

Nikaimba. Niliacha nafasi zangu kama kawaida.

Akauliza pale katikati pana nini. Nikasema sauti ya pili. Akauliza iko wapi. Nikasema Hsinchu.

Akakata uzi kwa meno. "Basi huo si wimbo, binti. Huo ni mlango uliouacha wazi, na baridi inawaingia watu."

Nimekasirika mpaka jioni. Ni sentensi nzuri. Ningependa iwe yangu.

Jambo jingine. Yu-ching ametuma ujumbe kuuliza kama Bwana Fang amethibitisha. Nimejibu kuwa amethibitisha kwa furaha. Nimeanza kuona ugumu mdogo: Bwana Fang hayupo. Ni kasoro ambayo ningepaswa kuiona mapema.

Jumatano, 3 Septemba

Nimempata!

Si yeye kabisa. Nilitafuta kijana mwenye hereni na nywele za kufunga, nikampata mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani wa gitaa, naye akasema hatoki nyumbani mwezi huu, bibi yake kamkataza. Nikabaki na Mzee Ou.

Mzee Ou huuza miavuli karibu na stesheni. Ni mrefu, mkimya, na masikio yake ni mazito, jambo ambalo nimelihesabu kuwa faida, maana hawezi kuvutwa katika mazungumzo juu ya tamasha. Yeye ni mzee wa kanisa la Presibiteri, kwa hiyo hana hofu ya kutoka katika mwezi wa saba. Anayo suti moja ya kijivu aliyoivaa siku ya harusi ya mwanawe, inanuka dawa ya nondo toka ng'ambo ya barabara, na kofia. Hakuna mtu wa kichochoro chetu aliyewahi kumwona bila koti lake la mvua la njano. Nitamwambia Yu-ching kwamba Bwana Fang amebanwa na kazi, amemtuma mkubwa wake. Mkubwa! Hadhi inapanda.

Kazi yake ni rahisi. Akae mbele aonekane. Asiseme neno. Atikise kichwa kama mtu anayeridhika.

Alitaka kujua vizuri hilo la kichwa. Tukafanya mazoezi chini ya mwamvuli wa maonyesho. Mwanzoni alitikisa kama mtu anayekubaliana na daktari kuhusu ugonjwa mbaya. Nikamwomba aweke tumaini. Baadaye akawa mzuri sana, ingawa kwa kuwa hasikii, hafuati chochote. Kichwa chake kina wimbo wake. Nilimpigia makofi. Alifurahi hata akanipa mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika.

Kuna kitu katika kichwa kile kilichonigusa, nami sijui ni nini. Uchovu, nadhani.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nikiwa bado na nguo zenye majivu ya ubani. Nitajaribu kuyaweka kwa mpangilio, japo sina hakika kama yalikuja kwa mpangilio.

Yu-ching alishuka kwenye treni bila mwavuli. Amekata nywele. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumpokea na nikasema, "Umekata nywele," naye akasema, "Na wewe bado unalo gitaa lile lile bovu," na hapo hapo, kwenye ngazi za stesheni, miaka yote ile ikawa kama siku moja ambayo tulichelewa kuonana. Alikula mabakuli mawili ya tambi za Mama. Mama akamwambia amekonda, akamwambia Japani hawana tambi kama hizi, akamwambia asisahau kuvaa soksi. Hakumwambia abaki. Nilikuwa nimemwomba amwambie.

Kichochoro chote kilikuwa kimetoka nje. Meza mlango kwa mlango, zimejaa nyama, mchele, mananasi, biskuti, na mwisho wa kila meza beseni la maji, taulo mpya, na kitana ili Ndugu Wema wanawe kabla ya kula. Moshi wa ubani mpaka macho yanalia yenyewe. Mbele ya lori, safu ya kwanza ya vigoda vyekundu, tupu, imepangwa sawasawa. Nyuma yake, watu wawili watatu waliotaka kupumzisha miguu.

Yu-ching akauliza Bwana Fang yuko wapi. Nikasema nitamweleza, nikafungua mdomo nimweleze habari za mkubwa wake, na Shangazi Kim-lian akatusukuma jukwaani kwa sababu mvua ilikuwa imepungua na mvua ya Keelung ikipungua hakuna kusubiri.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza ni wangu peke yangu. Naangalia kidole, naangalia maikrofoni yenye maudhi, nainua macho.

Mzee Ou ameketi katikati ya safu ya mbele.

Nilimwambia mbele. Ni mimi niliyesema mbele! Kwa Mpresibiteri kigoda ni kigoda. Alikuwa amekaa wima ndani ya suti yake ya kijivu, kofia imemfunika paji, mikono magotini, na pande zote mbili vigoda vitupu. Hakuna aliyekwenda kumwondoa. Nani aende? Waliokuwa nyuma yake waligeuza nyuso upande, kwa heshima. Nilimwona Mjomba Tiok akimtazama, akiinamisha macho, akienda kuongeza kijiti kimoja cha ubani.

Yu-ching akasogea mpaka bega lake likagusa langu. Aliinamia gitaa kana kwamba anasikiliza nyuzi.

"Wei-ju. Kwenye safu ya mbele."

"Nini?"

"Yule mtu. Unamwona?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari ulimini: huyo ni mkubwa wa Bwana Fang, tabasamu. Lakini akaendelea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Anatikisa kichwa. Nje ya mapigo."

Nikatazama. Kichwa kikishuka pale kisipopaswa kushuka, kikipanda kimechelewa, kimeridhika kabisa. Hapo ndipo nilipojua kilichonigusa Jumatano.

Nikasema, "Simwoni mtu."

Sikupanga. Kwa mara ya kwanza katika juma zima nilisema uongo bila kuupanga. Nimejaribu kuamua kama ulikuwa wa huruma au wa hila, na sifiki popote. Nadhani nilitaka tu aimbe.

Akaimba. Sauti ya pili iliingia katika ile nafasi ambayo nimeibeba huku na huko kama mtu anayetembea na kiti cha mgonjwa, nayo ikaenea, ikajaa, hata nikasahau kwamba mimi ndiye wa kwanza. Hakuimba kwangu. Aliimba kwa kigoda cha katikati. Tulipofika mahali pa kinanda, alikivua kinanda shingoni, akakiweka chini, akapiga mluzi.

Taulo zilikoma kukunjwa. Mtu mmoja akakumbatia mtoto wake. Mjomba Tiok alisimama na vijiti vyote vya ubani vikiwa vimeinama mkononi. Mama na upawa. Shangazi Kim-lian kwenye ngazi za lori, ndani ya dhahabu yake yote, kiganja mdomoni. Mluzi ule mrefu, ule wa kusema nimekuona, ukateremka juu ya meza hadi mwisho wa kichochoro, na mtu pekee aliyeendelea kana kwamba hakuna lililotokea ni Mzee Ou, aliyetikisa kichwa, kwa tumaini, kama tulivyofanya mazoezi.

Wimbo ulipokwisha hapakuwa na makofi. Mzee Ou aliona mikono yetu imeacha kucheza, akasimama, akainama kidogo, akatoka kupitia moshi. Watu walimpisha njia pana sana.

Nyuma ya lori Yu-ching alinishika kifundo cha mkono. Uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa mvua peke yake.

"Sikumuaga," alisema. "Siku ile nilichelewa, unakumbuka. Nimekaa na jambo hili mpaka nikashindwa hata kuusikiliza wimbo wetu. Sasa naweza kwenda."

Sasa naweza kwenda! Nilimleta abaki!

Nilipaswa kumwambia. Ningali napaswa. Lakini aliponikumbatia alikuwa mwepesi, kama boksi lililotolewa vitu vyake, na sikuona namna ya kuvirudisha ndani. Akaenda stesheni kabla Shangazi Kim-lian hajamaliza wimbo wa tatu. Alikataa nimsindikize. Alisema tusifanye mambo ya sinema.

Shangazi Kim-lian, kabla hajapanda jukwaani, alinirekebishia kola. Nilisubiri neno. "Leo ulikuwa wimbo," alisema, akapanda kuimba nyimbo zake za mapenzi kwa safu tupu, na aliimba vizuri. Naliandika hili kwa shida.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi Mjomba Tiok alinitaka niombe radhi kwa mluzi. Nikapiga magoti, nikauliza kama tumesamehewa. Wakacheka. Mjomba Tiok akasema itabidi nikubali kuwa hayo ndiyo mazungumzo yangu na wao.

Niliporudi nikakuta ujumbe wa Yu-ching. Naunakili wote.

"Jana mvua ilinikamata karibu na stesheni nikanunua mwavuli. Muuzaji alikuwa na suti ya kijivu. Aliniuliza kama alitikisa kichwa vizuri, maana wewe ulimwambia aweke tumaini. Nimemwambia alitikisa vizuri sana. Usimgombeze. Nimecheka njia nzima hadi Hsinchu, na mtu wa kiti cha pili akahama. Nilichokisema nyuma ya lori bado nakisema."

Nimeusoma nimesimama, nikaketi, nikausoma tena.

Uchambuzi. Moja: anajua. Mbili: hakukasirika. Tatu: alicheka, na kicheko, kama nilivyothibitisha mbele ya mwenyekiti wa hekalu, si katazo. Ile sentensi ya mwisho inaweza kusomwa kwa njia nyingi. Inaweza kumaanisha kwamba alimuaga baba yake kwa kweli, haidhuru aliyeketi pale alikuwa nani, na kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo: mtu huzungumza na kiti, kiti hakina haja ya kuwa na mtu. Ikiwa ni hivyo, basi nimempa zawadi bila kukusudia, na bei ya zawadi yenyewe ni yeye.

Sipendi maana hiyo. Nimeiandika kwa ajili ya uadilifu.

Nilikwenda kwa Mzee Ou nikiwa na nia ya kumlaumu. Alikuwa amening'iniza suti ikauke. Alinieleza kwa fahari kwamba yule binti alimshika mikono yote miwili, akamtazama usoni muda mrefu, halafu akachagua mwavuli wa njano.

Akauliza onyesho lijalo ni lini.

Jumanne, 23 Septemba

Lango limefungwa jana. Leo watu wameanza tena kuoa, na simu yangu imelia mara mbili. Nimekataa harusi zote mbili. Moja ilitaka nyimbo za furaha.

Ndege ya Yu-ching ilikuwa ya asubuhi. Alishasema tusifanye mambo ya sinema, nikatii, sikwenda uwanjani. Nilikwenda bandarini kutazama winchi. Zilikuwa zikifanya kazi ndani ya ukungu, na kutoka chini huwezi kujua kama kuna mtu huko juu au hakuna. Nilisimama kwa muda, kichwa nimeinua, nikijihisi mjinga. Hakuna aliyepiga mluzi. Sijui nilitegemea nini. Kisha mlinzi akaniambia, "Dada, hapo ni njia ya malori," nikasogea.

Nyumbani nilichukua gitaa, nikaimba "Winchi ya Njano" toka mwanzo. Nilikuwa nimeamua kuimba sauti zote mbili kwa zamu, kama mtu mzima. Nilipofika pale, mdomo haukufunguka. Nikaiacha ile nafasi. Ila leo haikuwa tupu kama zamani. Nilijua kabisa ni nini kinachokosekana, kila noti yake, hadi mahali anapovuta pumzi. Sina hakika kama hayo ni nafuu au ni kinyume chake. Nimeketi na swali hilo mpaka chai ikapoa. Nimekaribia kulijibu. Nadhani jibu lilikuwa kwamba watu huenda, na kwamba mtu anaweza kumpenda anayekwenda bila kumwekea mtego.

Halafu nikakumbuka jambo.

Japani nao wafu wao hurudi nyumbani. Mwezi wa Agosti, kila mwaka. Huwashiwa taa, huchezewa ngoma viwanjani. Penye ngoma pana jukwaa, na penye jukwaa pana ratiba, na sidhani kama Kumamoto wana upungufu wa vigoda. Gati la Magharibi lingehitaji tu mwaliko rasmi. Nimemwandikia mwenye mkahawa mmoja wa huko, kwa Kijapani nilichojifunza mwaka wa kwanza chuoni, nikimweleza kwamba kundi letu la watu wawili, ambalo nusu yake tayari iko mjini kwake, lingependa kumheshimu. Nimetia sahihi: Fang, meneja.

Hoja hii ina pengo mahali fulani. Nitalitafuta kesho.

Mzee Ou amepita jioni kula tambi. Nimemdokezea. Anasema suti ameshaitoa kwa dobi, na ameuliza kama Wajapani hutikisa kichwa namna hii hii, au kuna namna yao. Nimemwambia aanze mazoezi.